Medianuwai si kubandika video juu ya makala

Sentensi ninayoisikia kila nikikutana na waandishi wanaoanza kazi za medianuwai, yaani habari zinazochanganya maandishi, picha, sauti na video, ni hii: "Makala iko tayari, imebaki kuongeza video." Ukiifungua kazi yenyewe, aya ya tatu inasema maji ya mafuriko yalifika dirishani, picha chini yake inaonyesha maji yakiwa dirishani, kisha inafuata klipu ya dakika nne ambamo shuhuda anaeleza kwamba maji yalifika dirishani. Msomaji ametumia bando lake kuambiwa jambo moja mara tatu.

Maandishi, picha, sauti na grafiki, kila kimoja kipewe kazi ambayo vingine haviiwezi. Watu hunitajia Snow Fall, makala ya mtandaoni ya gazeti la New York Times, ya Desemba 2012, kama ushahidi kwamba mbwembwe za skrini ndizo zinazobeba habari. Sijui kama waliisoma. John Branch aliandika maneno zaidi ya 10,000 kuhusu watu wa kuteleza kwenye theluji waliofunikwa na poromoko la theluji huko Tunnel Creek, jimbo la Washington, na tuzo ya uandishi ya Pulitzer aliyopata 2013 ilikuwa ya uandishi wa makala. Grafiki zenye mwendo ziliachiwa kuonyesha theluji ilivyoshuka mlimani, jambo ambalo aya kumi zingelivuruga tu.

Mfano wa Afrika una uzito zaidi. Mwaka 2018 BBC Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC, walichunguza video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, mauaji ambayo serikali ya Cameroon ilikana kwamba yalifanyika nchini mwake. Umbo la safu ya milima nyuma ya askari lililinganishwa na picha za setilaiti hadi eneo likapatikana karibu na Zelevet, kaskazini mwa Cameroon. Vivuli vya askari vilisaidia kukadiria majira: kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Pale picha ndiyo ushahidi. Ukiiondoa, habari hakuna. Basi fanya hivyo na kazi yako: futa klipu, soma tena. Kama hakuna kilichopungua, iache hukohuko ulikoitupa.

Kuna na wale wa "bila kamera ya bei mbaya huwezi". Simu inatosha. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini upepo ukinguruma kwenye maiki anaondoka. Nunua maiki ya kubana kwenye kola kabla hujawaza lenzi. Na droni, tafadhali, hapana.

Eti msomaji wa simu hataki makala ndefu? Asichotaka ni ukurasa unaokawia kufunguka. Zima video zinazojianzisha zenyewe, na andika maneno chini ya zile zinazobaki, maana ndani ya daladala wengi hutazama bila sauti.

Na lile wanalosema, kwamba mwandishi mmoja afanye yote, ni wazo la mhasibu, si la mhariri. Kazi zote mbili nilizozitaja zilifanywa na timu. Ukiwa peke yako, piga picha, rekodi sauti, andika vizuri. Video achana nayo.