Azimio si sheria: msikimbie mahakama

"Wakili, Kongresi imeshapitisha. Sisi ambao visa zetu zimekwisha tunarudishwa wote." Tangu Juni mwaka 2025 maneno haya nayasikia karibu kila wiki kutoka kwa Wakongomani, Warundi na Wakenya walioomba hifadhi hapa Marekani, na nimechoka kuyasikia.

Yalianzia Boulder, Colorado. Tarehe 1 Juni mtu mmoja aliwarushia mabomu ya petroli watu waliokuwa wakitembea kwa amani kuwakumbuka mateka wa Israeli waliokuwa Gaza. Mwanamke wa miaka 82 alifariki baadaye kwa majeraha yake. Aliyeshtakiwa ni Mmisri aliyeingia kwa visa ya utalii mwaka 2022, akaomba hifadhi, kisha muda wa visa ukapita. Mteja wangu akisikia hivyo anaona historia yake mwenyewe, na hofu inamwingia.

Sasa tuangalie kilichopitishwa. Tarehe 9 Juni Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi (la pili ni Seneti), lilipigia kura maazimio mawili. Namba 481, la kulaani mashambulizi dhidi ya Wayahudi, lilipata kura 400 bila hata moja ya kupinga. Namba 488 nalo lililaani shambulio la Boulder, likaongeza shukrani kwa vyombo vya usalama, ikiwemo ICE, idara inayokamata na kurudisha wahamiaji. Hilo likapita kwa 280 dhidi ya 113, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya sifa hizo kwa ICE.

Basi. Maazimio ya aina hii ni kauli ya baraza moja. Hayapelekwi kwa Rais kutiwa saini, na hayabadilishi hata mstari mmoja wa sheria ya hifadhi. Sheria hupita Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa maneno yale yale, ndipo iende kwa Rais. Hata muswada halisi hufia njiani: ule wa kutambua chuki dhidi ya Wayahudi ulipita Baraza Mei 2024 kwa kura 320 dhidi ya 91, ukakwama Seneti.

Kwa nini nalisisitiza hili kuliko mengine yote? Kwa sababu linaharibu kesi. Mama mmoja kutoka Kivu alipokea ujumbe wa WhatsApp kwamba majaji wameamriwa kukataa kila ombi. Akabaki nyumbani siku ya kesi. Jaji alimwita, hakuwepo, akatoa amri ya kumwondoa nchini. Ushahidi wake ulikuwa mzuri, na sasa tunahangaika kuomba kesi ifunguliwe upya, kazi ambayo haikuwa lazima iwepo.

Visa kuisha baada ya kuwasilisha ombi la hifadhi hakufuti ombi hilo. Kinachoangaliwa kwanza ni kama uliwasilisha ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Sisemi kwamba ombi ni ngao kamili. ICE inaweza kumkamata mwenye ombi linalosubiri. Ndiyo maana karatasi zikae sawa. Tunza risiti ya ombi. Kibali cha kazi usikiache kiishe. Ukihama nyumba, toa anwani mpya kwa USCIS, idara inayopokea maombi ya uhamiaji, ndani ya siku 10, na kama kesi iko kwa jaji, mahakama nayo iambie ndani ya siku 5 za kazi. Hili la anwani nitalirudia mpaka koo likauke, maana barua ya mahakama ikienda nyumba ya zamani, kosa litahesabiwa lako.

Kilichogusa visa kweli ni Tangazo la Rais la tarehe 4 Juni, ambalo Kongresi haikulipigia kura. Lilifungia raia wa nchi 12 kuingia Marekani na kubana wa nyingine 7, Burundi ikiwemo. Rais alilitaja shambulio la Boulder alipolitangaza, lakini Misri haikuwemo kwenye orodha hiyo. Na Kongo iliyokuwemo ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa! Tangazo hilo halikufuta visa zilizokwisha kutolewa.

Wapo pia wanaosema upekuzi mkali wa waombaji visa ungemwona mapema mshambuliaji wa Boulder. Upekuzi unasoma alama za vidole na kumbukumbu za nyuma. Kwa mujibu wa hati za polisi, mshtakiwa alijaribu kununua bunduki akakataliwa kwa kuwa si raia, ndipo akageukia petroli. Na anayeshtakiwa kuwaua wafanyakazi wawili wa ubalozi wa Israeli mjini Washington tarehe 21 Mei alizaliwa Chicago. Huyo hana visa ya kupekuliwa.

La mwisho linaniuma, maana wapo wetu wanaosema: "Wayahudi ndio waliotufungia mlango." Ndugu zangu, waliopitia Nairobi wanalijua shirika la HIAS. Liliundwa na Wayahudi kuwasaidia Wayahudi waliokimbia mateso, na leo linasaidia wakimbizi wa kila dini. Tarehe 27 Oktoba 2018 Mmarekani mzaliwa wa hapa aliingia katika sinagogi mjini Pittsburgh akaua watu 11. Muda mfupi kabla ya kuingia aliandika mtandaoni kwamba HIAS inaleta wavamizi. Moja ya jumuiya zilizokuwa zikisali humo ilikuwa imetenga Sabato yake kwa ajili ya wakimbizi, pamoja na HIAS. Wavamizi aliowasema ni sisi.