Mulozi wa saa kumi usiku

Msimu wa egzetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ukikaribia, hapa Kadutu, Bukavu, mishumaa huwaka mpaka majogoo. Mwenzangu wa chumba alikuwa akisoma miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, asisinzie. Usiku mmoja, saa kumi, akashindwa, akajitupa kitandani chali. Mara macho yakafunguka, mwili umekufa ganzi, sauti haitoki, na kifuani amekaliwa na kivuli cha mtu. Kabla ya chai majirani walikuwa wameshamtaja mulozi, yaani mchawi: kikongwe anayeuza ndizi pale chini.

Wanasema alikaliwa na mulozi. Ukweli ni huu: usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani yake kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto hukolea. Watafiti Aserinsky na Kleitman walikieleza huko Chicago mwaka 1953. Wakati huo shina la ubongo hulegeza misuli karibu yote, tusije tukarusha ngumi tunazoziota. Macho na kiwambo cha kupumulia huachwa huru. Kuna siku akili huamka misuli ikiwa bado imefungwa. Chumba unakiona, ndoto haijakatika, kifua ni kizito, basi ubongo unakuwekea mtu pale. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Mwenzangu alikuwa na yote mawili. Yule bibi kosa lake ni uzee tu.

Wanasema ukilala ubongo unazimika. Wapi! Vipimo vya kichwani huonyesha umeme wake ukifanya kazi usiku kucha, tofauti na umeme wa mtaa wetu.

Wanasema pia anayekesha ndiye anayefaulu. Uliyosoma mchana hushikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya, na katika usingizi mzito ubongo huyarudia ili yakae. Mwaka 1994 watafiti Wilson na McNaughton waliona seli za ubongo wa panya zilizowaka pamoja walipokuwa wakitembea zikiwaka tena pamoja walipolala. Ukikesha, marudio hayo umeyakosa.

Na kahawa yetu ya Kivu? Haiondoi uchovu. Adenosini, kemikali inayoleta usingizi, inaendelea kurundikana. Kafeini, kiamshi kilichomo kwenye kahawa, imekalia tu viti vya adenosini kwenye ubongo. Tena haiondoki haraka: kwa watu wengi, ukinywa kikombe saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tatu usiku.