Namba ya PFAS haisomwi kama namba ya sukari

Mzimamoto mmoja mstaafu aliniwekea mezani karatasi ya maabara yenye kipimo chake cha PFAS kwenye damu, akauliza: "Daktari, hii 23 ni kama sukari? Ikivuka kiwango ndiyo tayari naumwa?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na madaktari wenzangu. Jibu ni hapana. Ila mtu aliyekaa na karatasi hiyo wiki nzima bila usingizi hatosheki na hapana tupu.

Alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya mazoezi yao ilikuwa kumwaga povu la kuzimia moto wa mafuta. Kwa miongo mingi povu hilo lilitengenezwa kwa PFAS, kundi la maelfu ya kemikali zilizoanza kuingia viwandani miaka ya 1940. Zimo pia kwenye vikaangio visivyogandisha chakula, nguo zisizopitisha maji, mazulia yasiyoshika madoa. Viwanda vinazipenda kwa sababu kaboni na florini zikishikana haziachani kirahisi, na ni kwa sababu hiyohiyo mwili unazishindwa. Ini haliwezi kuzivunja. Figo huzichuja, kisha huzirudisha nyingi kwenye damu. PFOS, mojawapo ya zile tunazozijua zaidi, hukaa miaka kama mitatu hadi mitano ndipo ipungue nusu, hata kama huingizi nyingine.

Zamani niliwahi kumjibu mgonjwa wa aina hii: "Usijali, kila mtu anazo." Ni kweli karibu kila mtu anazo. Lakini lilikuwa jibu la uvivu, maana sikumuuliza anakunywa maji gani.

Siku hizi naanzia hapo hapo. Umefanya kazi gani, kwa miaka mingapi? Maji ya nyumbani ni ya kisima? Kuna kiwanda, uwanja wa ndege, kambi ya jeshi au uwanja wa mazoezi ya zimamoto karibu na chanzo chake? Usipoulizwa, sema mwenyewe. Madaktari wengi hawajafundishwa kuuliza, na historia hiyo ina uzito hata pale ambapo kipimo cha damu hakipatikani.

Sasa turudi kwenye 23. Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Marekani za Sayansi, Uhandisi na Tiba zilitoa mwongozo wa madaktari ambao mimi ndio ninaoutumia. Unajumlisha aina kadhaa za PFAS kwenye damu na kuipanga jumla hiyo katika ngazi tatu. Chini ya nanogramu 2 katika mililita moja, madhara hayatarajiwi. Kati ya 2 na 20, huenda yakatokea, hasa kwa walio dhaifu zaidi kama wajawazito. Kuanzia 20 kwenda juu, hatari imeongezeka. Imeongezeka tu, haijawa ugonjwa. Namba ya sukari inapima ugonjwa wenyewe. Namba ya PFAS inapima kilichoingia, na kazi yake kubwa ni kumwambia daktari wako atafute nini.

Atafute nini, basi? Mengi tunayoyajua yalitoka kwa watu wapatao 69,000 wa West Virginia na Ohio, majimbo ya Marekani, ambao maji yao ya kunywa yalichafuliwa na PFOA, aina nyingine ya PFAS. Mwongozo wa 2022 ulikuta ushahidi wa kutosha kwa mambo manne: lehemu (kolesteroli) kupanda, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kinga kuitikia chanjo kwa unyonge, na saratani ya figo. Kuna mengine ambayo ushahidi wake ni mdogo lakini haupuuzwi, kama vile matatizo ya tezi ya thairoidi, shinikizo la damu la ujauzito, saratani ya korodani na vidonda vya utumbo mpana.

Kwa hiyo mstaafu wangu alipimwa lehemu, thairoidi na mkojo, nikamuuliza kuhusu kuharisha damu na uvimbe kwenye korodani. Vipimo vya kawaida kabisa. Mgonjwa mwingine huvunjika moyo akisikia hivyo. Alitarajia mashine kubwa.

Kisha likaja swali la pili, lile la kila mmoja: zinatolewaje? Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na anayekuuzia chai ya kusafisha damu anakusafisha mfuko. Lipo jambo moja la kuvutia. Wanawake wanaopata hedhi huwa na PFAS kidogo kuliko wanaume, kwa sehemu kwa sababu damu inayotoka hutoka nazo. Huko Australia watafiti walilifuata wazo hilo kwa wazimamoto 285. Waliotoa plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kila wiki sita kwa mwaka mmoja, PFOS yao ilishuka kutoka wastani wa 11 hadi karibu 8. Kwa waliotoa damu nzima, ilipungua kwa kidogo zaidi ya 1 tu. Namba ilishuka, sawa. Lakini haijaonyeshwa kwamba afya zao ziliboreka, na anayepewa damu hiyo anapewa na PFAS zake. Siwaandikii wagonjwa wangu tiba hiyo.

Kinachosaidia ni kufunga bomba, yaani kuzuia nyingine zisiingie. Hapa kuna kosa moja ambalo watu makini ndio hulifanya: wanachemsha maji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini PFAS hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo kwanza zinakolea. Chujio la kaboni au lile la kusukuma maji kwenye utando mwembamba hupunguza kweli, mradi kaboni ibadilishwe kwa wakati. Ikikaa kupita muda wake, ni kama hujachuja.

Binti wa mstaafu wangu alikuwa ananyonyesha, naye alikulia kwenye nyumba hiyohiyo, akinywa maji hayohayo. PFAS hupita kwenye maziwa, siwezi kulificha hilo. Hata hivyo faida za kunyonyesha ni nyingi na zinajulikana, na kwa walio wengi ushauri wangu ni kuendelea. Na kama mtoto angelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayohayo ya nyumbani, tungekuwa tumefanya nini? Kwanza maji yapimwe.

Lehemu ya mzee ilikuwa juu, nikamwanzishia dawa ileile ambayo ningempa mtu mwingine yeyote. Akaomba turudie kipimo cha PFAS baada ya miezi mitatu. Nikamwambia ahifadhi hela yake: kwa kemikali inayohesabu kwa miaka, miezi mitatu haitoshi hata kugeuza 23 kuwa 20. Lehemu, hiyo ndiyo tutakayoirudia.