Njozi za Mchana Zinapochukua Nafasi ya Watu

Kuwaza mambo yasiyokuwapo si ugonjwa. Utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba watu wazima walioulizwa wanawaza nini walikutwa mawazo yao yako mbali na shughuli waliyokuwa nayo kwa karibu asilimia 47 ya mara hizo. Tunalolizungumzia hapa ni zito zaidi. Mwaka 2002 Eli Somer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Haifa, alieleza hali ya mtu kuzama kwa saa nyingi katika visa anavyovitunga mwenyewe, vyenye wahusika wanaoendelea siku hadi siku, mara nyingi akisikiliza muziki na kutembea huku na huku chumbani, hata masomo, kazi na watu wake wakabaki kando. Mtu huyo anajua fika kwamba visa vyake si vya kweli, na hapo ndipo anapotofautiana na mwenye saikosisi, yaani hali ya akili inayomfanya mtu ashindwe kutenganisha ya kweli na yasiyo ya kweli.

Ugumu wa mahusiano kwake unaeleweka. Mhusika wa kwenye njozi hanuni, hachelewi kujibu, wala hakatizi maneno. Rafiki wa kweli hufanya yote hayo. Chukua rafiki anayekusimulia jinsi mama yake alivyolazwa: neno moja tu, "daktari", linakuchukua, na ghafla wewe ndiye unayemwokoa mgonjwa. Unazinduka akikuuliza, "Sasa wewe unaonaje?" Wengi hubahatisha, "Pole sana." Afadhali useme, "Samahani, mawazo yalinitoka. Hebu rudia pale ulipofika hospitali." Aibu yake ni ya dakika moja, ilhali kubahatisha kukizoeleka, rafiki hugundua na huacha kusimulia.

Mtego mwingine, ambao kwa maoni yangu hauzungumzwi vya kutosha, ni kufanya mazoezi ya mazungumzo kichwani. Anayetaka kumwalika mwenzake hutunga maswali na majibu ya pande zote mbili, kisha mwenzake anapojibu tu, "Wiki hii nimebanwa," huona amekataliwa, kwa sababu sentensi hiyo haikuwamo katika kisa chake. Ni heri kupiga simu kabla kisa hakijakomaa. Vilevile, kukutana kwa ajili ya shughuli ya mikono, kama kucheza karata au kupanga vitabu, humrahisishia mtu kubaki alipo kuliko kukaa mkitazamana.

Andika kwa wiki moja saa unazozama na kilichokuchochea. Muziki ukijirudia katika orodha hiyo, anza na huo. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kwamba unapambana na hali hii. Si lazima umsimulie visa vyenyewe. Ikiwa kuna pia huzuni isiyoisha, wasiwasi mkubwa au tatizo la umakini, muone mwanasaikolojia. Hali hii haimo katika miongozo mikuu ya uainishaji wa magonjwa ya akili, hivyo huenda ukalazimika kumweleza kwanza unavyoishi nayo, na ile orodha yako ya wiki moja itakusaidia kuanzia.