Kelele za maiki ya kondensa: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ami, hii ishakufa." Kijana wa kundi moja la taarabu kutoka Likoni aliniwekea maiki mezani, imeviringishwa kwenye leso kama maiti kweli. Ilikuwa masika. Nilipoichomeka ilitoa mlio wa viazi karai vikitumbukizwa kwenye mafuta.

"Haijafa, mwanangu. Imelowa."

Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imeshabadilishwa waya mara mbili, na mtu alikuwa amekata athi (waya wa ardhini) ya plagi ya mixer, mashine ya kuchanganyia sauti. Kila aliyeulizwa alikuwa na lake.

"Ikianza kutatarika imeoza kwa chumvi, nunua nyingine."

Hili ndilo nalisikia zaidi hapa Mombasa, na ndilo linalowapotezea watu pesa. Kapsuli ya maiki kubwa ya studio, yaani sehemu inayodaka sauti, ni kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ndogo mno, mara nyingi pikofaradi 50 hadi 80. Chaji yake haitakiwi kupata njia ya kutorokea isipokuwa kupitia rezista (kizuizi cha umeme) ya gigaohmu 1 au zaidi, yaani ohmu bilioni moja. Sasa fikiria alama ya kidole, masalia ya flaksi yaliyoachwa na aliyelehemu, au umande usioonekana kwa macho. Vyote hivyo ni njia rahisi kuliko hiyo rezista. Chaji inavuja kwa vishindo, na hivyo vishindo ndivyo unavyovisikia.

Wengi wanalaumu upepo wa bahari, kumbe mkosaji ni AC. Maiki iliyolala kwenye chumba baridi ikitolewa ghafla barazani kwa ajili ya harusi, hewa yetu nzito inageuka maji juu yake, vile vile inavyofanya kwenye chupa ya soda. Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa hadi ipate joto la nje, ndipo uifungue.

Ikishalowa, itie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya, uiache siku nzima au mbili. Usiianike juani wala usiipulizie mashine ya kukaushia nywele: utando wa kapsuli ni wa plastiki yenye unene wa mikroni chache tu. Kama inatulia halafu inarudia, safisha ubao kuzunguka ile rezista na lango la transista (mguu wake unaopokea ishara ya kapsuli) kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kusafishia vidonda siipendi, kwani mara nyingine ina mafuta. Na utando wenyewe usiuguse kabisa.

"Nimeifungua ikavuma, basi nimepata ubovu."

Hujapata kitu. Kile kiwiliwili cha chuma ndicho ngao. Ukikitoa, lango la transista linabaki uchi na linadaka hezi 50 za kila waya wa stima uliomo chumbani, hata kama maiki ni mzima. Nimeona transista nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo. Ukitaka kujua ubovu uko wapi, tenganisha kapsuli, weka mahali pake kapasita ya pikofaradi 68, rudisha chuma, kisha sikiliza. Kelele ikipotea, mshukiwa ni kapsuli au nyaya zake. Ikibaki, tafuta kwenye saketi.

"Rezista kubwa ina kelele nyingi, weka ndogo."

Hapa hata mafundi wenye umri wangu hubisha. Ni kweli kwamba rezista kubwa ina kelele zaidi ikiwa peke yake. Lakini hapa imekaa sambamba na kapsuli, nayo kapsuli inazima kelele hiyo yote isipokuwa ya chini kabisa. Kwa gigaohmu 1 na pikofaradi 60, mpaka wa kuzimwa huko uko karibu na hezi 3, ambako sikio halifiki. Weka megaohmu 10 na mpaka unapanda hadi hezi 265: besi inapotea, na juu ya hapo kelele ya rezista inakuwa mara 10 ya ile ya kwanza. Umelipa mara mbili.

"Mvumo ni wa stima, kata athi."

Usikate. Ile waya ndiyo itakayokuokoa siku mixer itakapopata shoti, na hii ni volti 240, si mchezo. Mara nyingi mvumo unatokana na athi kupata njia mbili, mixer kwenye soketi hii na laptopu kwenye ile. Chomoa chaja ya laptopu kwanza. Mvumo ukiondoka, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au weka transfoma ya kutenganisha sauti katikati. Ukisalia, na ukawa mkali zaidi, wa hezi 100, angalia kapasita za kuchujia kwenye pawa saplai.

Wanaoilaumu fantomu, yaani umeme ambao mixer huupeleka kwa maiki kupitia waya wa sauti, nao waangalie pini namba 1 ya plagi ya maiki kwanza. Volti 48 zinafika sawasawa kwenye pini 2 na 3, kila moja kupitia rezista ya kiloohmu 6.8, kwa hiyo mixer haizisikii. Ikilegea pini 1, ngao imekwenda. Na simu, jamani, iwekeni mbali na maiki.

Maiki ya yule kijana ililala siku mbili kwenye kopo langu la biskuti, ikatoka kimya kabisa. Alipokuja kuichukua aliijaribu, akatabasamu, halafu akaniomba na kopo.