“Mama ana miaka 74, atabadilika vipi?” Dhana potofu kuhusu tiba ya wasiwasi uzeeni

“Samaki mkunje angali mbichi.” Wiki hii nimeambiwa hivyo tena hapa Kisumu, na binti aliyemleta mamake kutoka Ahero kwa wasiwasi unaomnyima usingizi. Alitaka vidonge. Tiba ya mazungumzo ni ya vijana, alisema, kichwa cha mama kimeshakauka. Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwa sababu mzee mwenyewe huwa ameketi pale pale akisikia, na akiisikia sana huiamini.

Mama huyo huyo hutuma pesa kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza 2007, wakati yeye tayari ni nyanya wa watu. Aliijifunza vipi?

Tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo ya kumsaidia mtu kupima hofu zake na kubadili anachofanya, ni kujifunza vilevile. Chukua mama aliyepatwa na kizunguzungu akaanguka soko la Kibuye. Daktari amempima, hakuna tatizo, lakini sokoni harudi. Baadaye anaacha kanisa, mwishowe hata kwa jirani haendi. Kila akibaki nyumbani moyo unatulia, na utulivu huo ndio unaomfundisha kwamba nje kweli kuna hatari. Kwa hivyo tunaanza kidogo kidogo: leo hadi getini, wiki ijayo hadi steji, halafu Kibuye asubuhi kabla watu hawajajaa, na akifika asikimbie mpaka moyo utulie wenyewe. Kwenye daftari, kwa herufi kubwa, upande mmoja anaandika anachoogopa: “Nitaanguka, watu watanizunguka.” Upande wa pili anaandika kilichotokea. Baada ya kurasa kadhaa mzee hujisomea mwenyewe, wala sihitaji kumhubiria.

Ni kweli wazee tunaenda nao polepole. Tunarudia, tunaandika, na asiyesikia vizuri anasogea karibu. Kuna tafiti zilizoona nafuu yao ni ndogo kuliko ya vijana, lakini nafuu ipo, na kwa mtu aliyejifungia ndani ni kubwa. Zimbabwe wameenda mbali zaidi. Chini ya daktari Dixon Chibanda, akina nyanya walifundishwa kuwasaidia wengine kwa mazungumzo kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliohudumiwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nyanya anaweza kuitoa tiba ya mazungumzo, halafu mnaniambia hawezi kuipokea!

“Itachukua miaka.” Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki.

“Ni uzee tu.” Hapana. Wazee wengi hawana wasiwasi wa kuwakosesha usingizi miezi mfululizo. Lakini apimwe kwanza: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mapigo ya moyo yasiyo sawa, baadhi ya dawa za pumu, hata chai nyingi ya jioni, vyote huleta dalili kama hizo.

“Maombi yanatosha.” Aombe, na mchungaji aje. Daftari halimzuii mtu kusali.

“Vidonge ni salama zaidi.” Hapa nakuwa mkali. Diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, na za aina yake kwa aliyepita miaka 65 huongeza hatari ya kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa, na mwili huzizoea. Anayezimeza kila siku asiache ghafla, maana anaweza kupata mshtuko kama wa kifafa. Daktari azipunguze taratibu. Zipo dawa nyingine za wasiwasi zinazowafaa wazee zaidi, na wakati mwingine tunazitumia pamoja na mazungumzo.

Mkimleta mzee, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba, na miwani. Halafu nyinyi watoto mkae nje. Nikimuuliza mama analala saa ngapi, nataka anijibu yeye.