Usiposimama Mackinnon Road, utapata ajali?

Hapa Nairobi, mtu akisema anateremka Mombasa kwa gari, hakosi wa kumwambia: "Usipite Mackinnon Road bila kusimama kaburini, utapata ajali." Wengi huamini kwa dhati. Tuliangalie jambo hili kwa utulivu.

Kaburi lenyewe, lililo katika mji mdogo wa Mackinnon Road kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, ni la Seyyid Baghali Shah, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Masimulizi yanasema karai alilobebea mzigo lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Leo amelala ndani ya msikiti ulio kando ya barabara, na wanaosimama ni Waislamu, Wahindu, Makalasinga na hata Wakristo. Mgeni anavua viatu, anajisitiri, kisha anaomba kwa sauti ya chini. Hakuna anayemuuliza dini yake, na hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Lakini adhabu kwa asiyesimama? Uislamu haufundishi hivyo. Mwenda kaburini humwombea maiti na kukumbuka kifo. Kudhuru na kunufaisha ni kwa Mungu peke yake. Malori na mabasi yanapita pale usiku na mchana bila kusimama, nayo yanafika. Ajali za barabara ile zina sababu zake: mwendo wa kasi, kuovateki vibaya, usingizi wa dereva. Aliyetoa sadaka pale kisha akasinzia kwenye usukani hajajikinga na chochote.

Simama, ukipenda, kwa heshima. Ukiwa na haraka, mwombee ukiwa njiani.